Sura ya Nne: Ratiba ya Mwalimu Ambindwile

Mzee Ackson Mwaipopo alitema jino la pili saa mbili na nusu asubuhi. Lilidunda kwenye sakafu ya saruji ya kituo cha polisi Tukuyu, likabiringika hadi kwenye kiatu cha Sajini Vaileth. Sajini aliinama, akaliokota kwa leso, akaliweka mezani mbele ya mkubwa wake kama mtu anayerudisha chenji dukani.

"Afande, hili ni la kwenye jalada au la kutupa?"

Inspekta Andrea hakucheka. Alikuwa mtu wa Musoma, mwezi wa nane huu tangu ahamishiwe Tukuyu, na baridi ya mji huu ilikuwa bado haijamzoea. Nyuma yake konstebo wa zamu alikuwa akishusha mikono ya shati aliyokuwa ameikunja, jasho likimtiririka ingawa nje ukungu ulikuwa mzito.

"Ameshakubali," alisema Inspekta. "Kidole gumba hicho hapo chini ya maelezo. Kazi imekwisha."

Jiwe lilianguka juu ya bati la kituo, likafuatiwa na jingine. Nje kulikuwa na watu wapatao mia, wengi wao waliofundishwa kusoma na marehemu. Sauti moja ilirudia neno lile lile tangu alfajiri: "Mtoeni, tumzike pamoja naye."

Marehemu alikuwa Mwalimu Ambindwile, mstaafu, mzee wa kanisa, na katibu wa kamati iliyokuwa ikiandaa Kongamano la Mitaji na Biashara. Tangu serikali ifungue milango ya biashara na wanunuzi binafsi waanze kumiminika kugombea chai na ndizi, wilaya ya Rungwe ilikuwa haijawahi kuwa na kongamano la namna hiyo. Mwalimu ndiye aliyewatafuta wataalamu, akapanga nani aseme nini, saa ngapi, na aketi wapi. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jana jioni alikutwa ofisini kwake Ibighi, fuvu limefunguka, ubongo umechanganyika na wino. Chini ya meza palikuwa na bakora ya Mzee Ackson, mwenyekiti wa kamati, imelowa damu. Na mchana wa jana hiyo hiyo wazee hao wawili walikuwa wamegombana hadi wauza ndizi wa barabarani wakasimamisha biashara kuwasikiliza.

"Sababu ilikuwa inanisumbua," Inspekta aliendelea, "mpaka konstebo aliponieleza mila zenu. Soma."

Alimsukumia karatasi. Ilikuwa ratiba ya siku ya kwanza, imekutwa juu ya meza ya marehemu. Saa tatu, ufunguzi, mwenyekiti Mzee Ackson Mwaipopo. Saa tatu na nusu, mada ya kwanza, Mkopo wa Benki na Mfanyabiashara Mdogo, mtoa mada Bi Atupele Mwasandube kutoka Mbeya. Saa nne na nusu, mada ya pili, Kampuni Binafsi na Mkulima, mtoa mada Bwana Edward Ngonyani, mfadhili wa kongamano. Watoa mada wote wataketi meza kuu pamoja na mwenyekiti.

"Huyo Atupele ni mke wa mtoto wa mzee," alisema Inspekta. "Kwenu mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Mwalimu kawaweka meza moja mbele ya watu mia mbili. Mzee kaona ametukanwa, kaua. Kuna kigumu gani hapo?"

Vaileth aliisoma karatasi mara mbili. Yeye mwenyewe aliolewa miaka kumi na mmoja kabla baba mkwe wake hajafariki, na uso wa mzee yule aliuona siku moja tu, ndani ya jeneza. Siku zote nyingine aliacha njia. Mara moja aliruka mtaroni, mtoto mgongoni, maji yakamfika kiunoni, akangoja hadi bakora ya mzee ilipopita.

"Afande, mshenga wa ndoa ya Atupele alikuwa nani?"

"Nitajuaje?"

"Mwalimu Ambindwile. Alikwenda na ng'ombe yeye mwenyewe hadi Mpuguso kumposa. Asingeandika hivi hata angekuwa anaumwa malaria ya kichwa. Karatasi hii imeandikwa na mtu asiyejua kwamba hawa ni wakwe."

"Majina si yapo?"

"Atupele kazini anatumia jina la baba yake. Mgeni hawezi kujua."

Inspekta alitazama saa yake. "Gari la Mbeya linaondoka saa nane. Mzee akishapanda na gumba lake limo kwenye jalada, ujue mwisho wake ni kitanzi. Una mpaka saa nane, Sajini. Kama hao wa nje watangoja."

Mzee Ackson alikuwa ameketi ukutani, goti moja limevimba kama kibuyu. Vaileth alichuchumaa, akamwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Tata, mligombana nini?"

"Maombi."

"Maombi gani?"

"Ya ufunguzi. Yeye alitaka mchungaji wake, mimi nilitaka wangu." Alifuta damu kidevuni. "Nilimwambia wake akiomba watu watakosa chakula cha mchana. Akakasirika."

"Na bakora?"

"Niliisahau kwa hasira. Nilifika nyumbani nikichechemea, nikaona aibu kuirudia."

"Ratiba uliiona?"

"Macho yangu hayasomi maandishi madogo. Aliniambia kwa mdomo. Nafungua asubuhi, nasikiliza wale wanaume wawili, natokea mlango wa nyuma. Yule mwingine anaingia kwa mlango wa mbele baada ya chakula." Hakusema yule mwingine ni nani. "Aliniahidi mlango, mwanangu. Mwalimu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi."

*

Ofisi ya kamati ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi, pale Ibighi. Mwili ulikuwa umeondolewa, nzi walibaki. Damu ilikuwa imeruka ukutani hadi kwenye kalenda, ikashuka juu ya mafungu ya karatasi nyeupe na kuyagandisha. Vaileth alihesabu madoa ya ukutani: mapigo matano, na la mwisho lilipigwa mtu akiwa tayari ameanguka. Mganga wa hospitali alikuwa ameandika kwamba kidonda kilikuwa kipana kama vidole viwili na kina pembe. Bakora ya mzee ilikuwa ya mti mwembamba, ya mviringo. Kwa kichwa cha Mwalimu ingevunjika pigo la kwanza.

"Ile haikumuua," alijisemea. "Ile ilipakwa."

Happyness, binti aliyeipigia kamati chapa, alisimama mlangoni, kanga imefunika mdomo.

"Ingia, mdogo wangu. Usikanyage pale. Niambie kama kuna kitu hakipo."

Binti alizungusha macho polepole, yakagota kwenye mashine ya kudurufu. "Mkono wake, dada. Ule wa chuma wa kuzungushia. Ulikuwepo."

Sehemu ya mkono ilibaki nati tu, na damu kwenye nati. Kando ya mashine, kwenye kamba, ilining'inia karatasi ya stensili iliyotumika kuchapia ratiba. Vaileth aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua dirishani. Mwanga ulipenya kila palipokuwa na herufi ya mviringo. Vijiduara vyote vilikuwa vimetoboka na kudondoka.

"Hii si kazi yangu," alisema Happyness. "Mimi nagonga taratibu. Mwalimu alikuwa akiniambia, stensili si mwizi, usiipige. Aliyegonga hii ana vidole vizito, na ana haraka."

"Yako iko wapi?"

"Niliichapa Jumatatu. Nikadurufu nakala sitini, zikakaa kwenye kabati hili."

Kabati lilikuwa tupu. Uani, kwenye jiko la mkaa la kuchemshia chai, Vaileth alikuta majivu ya karatasi, mengi, yamepondwa kwa kijiti. Alirudi ndani.

"Nisomee ratiba yako. Kwa kichwa."

Happyness alifumba macho. "Saa tatu, mwenyekiti anafungua. Saa tatu na nusu, Bwana Amoni wa Isongole, mkaguzi mstaafu, Kuijua Kampuni ya Fedha Kabla ya Kuiamini. Saa nne na nusu, Bwana Edward. Chakula. Mwenyekiti anaondoka. Saa nane, Bi Atupele." Alifumbua macho. "Mwalimu alihangaika wiki nzima na hiyo milango miwili. Alinichorea hadi viti. Alisema wataalamu kuwapata ni rahisi, kazi ni kuwakalisha."

Vaileth aliziweka ratiba mbili ubavu kwa ubavu, moja mkononi na moja akilini. Ukichomoa tofali ukutani, lazima uzibe tundu, na utaziba kwa tofali lililo karibu. Aliyeichapa upya hakuwa na shida na Atupele. Alitaka kumtoa Amoni. Atupele alivutwa tu kuziba tundu la saa tatu na nusu.

"Mwili uliukuta wewe?"

"Hapana, mimi niliondoka saa kumi. Aliyeukuta ni Bwana Edward, saa moja. Ndiye aliyeita watu."

"Alivaa nini?"

"Shati la buluu." Binti alishusha kanga mdomoni. "Mchana alikuwa na jeupe. Alikuja hapa saa tisa kuangalia ratiba yake. Mwalimu akamwonyesha kwa furaha jinsi Bwana Amoni atakavyomtangulia. Bwana Edward akauliza kama huyo Amoni aliwahi kufanya kazi kusini. Mwalimu akasema ndiyo, miaka mingi."

"Na leo yuko wapi?"

"Alipita saa tatu. Alisema ni vizuri Bwana Amoni aambiwe kwamba kongamano limeahirishwa. Akaniuliza nyumba. Nikamwelekeza, dada. Nikamwelekeza hadi kwenye mkaratusi, ule pacha, pale kwenye kona."

"Nakala zote sitini ziliungua?"

"Moja nilimpa utingo wa gari la viazi Jumatatu ile ile. Amfikishie Bwana Amoni."

*

Gari la polisi lilikuwa halina petroli tangu Jumapili. Vaileth alisimamisha Fuso la viazi lililokuwa likirudi tupu Isongole, akapanda mbele kati ya dereva, Ambilikile, na utingo wake.

"Kimbiza."

"Hili, afande, halikimbii. Linakwenda kwa maombi."

"Basi omba huku umekanyaga mafuta."

Ambilikile alikanyaga. Chai ikapita kushoto na kulia, kisha migomba, kisha ukungu mtupu na mashamba ya viazi. Hawakusimama hadi walipoiona mikaratusi pacha na, chini yake, gari jeupe la Bwana Edward, mlango wa dereva wazi.

Mbwa alilala kizingitini, kichwa kimebonyea. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa nje. Kelele zilitoka ghalani: kishindo kizito, kisha sauti ya mtu mzima akilia bila maneno.

Vaileth aliingia na rungu mkononi. Amoni alikuwa chali juu ya lundo la viazi, sikio moja linaning'inia kwa ngozi, viganja viwili amevikinga usoni, na viganja vyenyewe vilikuwa vimevunjika hadi vidole vikaelekea kusikostahili. Edward alikuwa amemkalia tumboni. Chuma alichoshika kilikuwa na pembe, na kipana kama vidole viwili.

"Bwana Edward."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa mtulivu, wenye madoadoa mekundu kama mtu aliyetoka kuchinja kuku. "Afadhali umekuja, Sajini. Mzee huyu amenivamia."

"Na mkono wa mashine ya kamati, ulikuvamia pia?"

Edward alipiga. Vaileth aliinua mkono wa kushoto na kuusikia mfupa ukikatika, sauti kavu kama kuni. Chuma kilishuka tena, kikakwaruza bega. Safari hii hakurudi nyuma. Alijitupa chini, akalilenga goti kwa rungu, mara moja, mara mbili, goti likageuka upande. Edward aliporomoka juu ya viazi. Alipojaribu kukiinua chuma, rungu lilimkuta kwenye kiwiko, kisha kwenye taya. Meno yakamwagika kati ya viazi. Ambilikile akaingia na kumkalia mgongoni kwa kilo zake zote tisini, utingo akamkanyaga kifundo cha mkono.

Habari Isongole haihitaji miguu. Vaileth alipomaliza kumfunga pingu kwa mkono mmoja na meno, ua ulikuwa umejaa. Mmoja aliburuta tairi. Mwingine alikuwa na kibuyu cha mafuta ya taa, na kabla hajazuiwa akawa amekwisha kummwagia Edward mgongoni.

"Kaa pembeni, mama," alisema mwenye tairi. "Hii kazi ni fupi."

Vaileth alisimama juu ya Edward, miguu huku na huku, mkono uliovunjika unaning'inia. "Njiti iko kwa nani?"

Kijana mmoja alionyesha kiberiti.

"Washa basi. Lakini ujue unawachoma wawili. Mzee Ackson Mwaipopo yuko lokapu Tukuyu kwa damu aliyomwaga huyu. Saa nane anapelekwa Mbeya kunyongwa. Wa kumtoa ni mdomo huu hapa chini yangu, na majivu hayatoi ushahidi."

Kijana alirudisha kiberiti mfukoni. Mwanamke mmoja alisogea, akavua kandambili, akampiga Edward shavuni pigo moja zito, akaivaa tena na kurudi nyuma.

"Hilo ni la mbwa," alisema.

Amoni alikuwa ameketishwa ukutani. "Mwacheni," alisema kwa shida. "Kule kusini alikuwa na jina lingine, na kampuni nyingine. Ilipofungwa usiku mmoja na akiba zote za watu, niliwakuta wajane wawili wamejinyonga. Nataka alitaje jina hilo mahakamani." Aliashiria kwa kidevu mfuko wa koti lake. Vaileth akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne: ratiba ya Happyness, herufi zimegongwa taratibu, duara zote zimekamilika.

Walipakiwa wote nyuma ya Fuso. Njiani Vaileth aliinama karibu na Edward, ambaye mafuta ya taa yalikuwa yakimchoma vidonda, akauliza kama mtu anayepitisha muda:

"Hivi kwa nini ulimweka Bi Atupele saa tatu na nusu?"

"Kwani kosa?" Maneno yalitoka yamepinda kwenye taya. "Pengo lilikuwa pale. Mwanamke, msomi, anapendeza mezani."

"Ni mkamwana wa mwenyekiti."

"Basi si angefurahi?"

Utingo alimtazama Ambilikile kupitia dirisha la nyuma ya kabini, lililokuwa wazi. Wote wawili walikuwa wamesikia. Vaileth aliyaandika maneno hayo kwa mkono wa kulia, daftari akilikandamiza kwa goti, akawapa waweke sahihi hapo hapo, gari likitembea.

*

Waliingia kituoni saa nane kasoro dakika kumi. Gari la Mbeya lilikuwa limewashwa. Bati la kituo lilikuwa limetoboka sehemu tatu na dirisha la mapokezi halikuwa na kioo. Umati ulipomwona Edward anashushwa, na mkono wa mashine umefungwa kwenye gunia, ulipisha njia bila kuambiwa.

Inspekta alisoma ratiba mbili, akasoma daftari, akakitazama chuma.

"Mtoe mzee," alimwambia konstebo.

Konstebo alikuwa ameshika funguo za mlango wa mapokezi aliposikia, "Ngoja." Vaileth alikuwa amemwona mwanamke upande wa pili wa kaunta, suti ya kazini, viatu vya mjini vimejaa tope la safari. Atupele alikuwa ametoka Mbeya baada ya kusikia. Aliposikia minyororo ya lokapu ikigongana, msomi yule alishuka magotini nyuma ya kaunta, akajifunika kanga kichwani hadi sakafuni.

"Si huko," alisema Vaileth. "Kwa nyuma."

Alimshika Mzee Ackson kwapani kwa mkono uliobaki, akampitisha jikoni, kwenye mlango unaotokea migombani. Mzee alijua sababu. Kizingitini alisimama, uso ameuelekeza nje, akaongea na migomba.

"Mtu mwenye mada asiiache. Mwalimu alikwisha kumpangia saa."

Mkamwana hamjibu baba mkwe. Lakini nyuma ya kaunta kanga ilitikisika kama kichwa kinachokubali.

Vaileth aliufunga mlango polepole, akarudi ofisini. Inspekta alikuwa ameyatoa maelezo yenye kidole gumba kwenye jalada na alikuwa ameanza kuyakunja ili yaingie mfukoni.

"Yaache, afande."

"Hayana kazi tena, Sajini."

Alimnyang'anya bila nguvu, akayanyoosha mezani, akayarudisha mahali pake. Kisha akaifungua leso ya asubuhi, iliyokuwa bado mezani, na kulilaza jino juu ya lile gumba.

"Asubuhi hukunijibu," alisema. "Nimeamua mwenyewe. Ni la kwenye jalada."